Je, wajua imani ya kweli hutambulikaje?

Ukipita Mbeya mjini Jumapili asubuhi, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, kwaya na spika za makanisa zinapokezana njia nzima. Iringa na Njombe nako ni hivyo hivyo. Wamoraviani, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste, na Wasabato kwa siku yao ya Jumamosi, wote wapo, na wengi wetu tulibatizwa kabla hatujajua kusema. Ndiyo maana swali hili halikauki kwenye jumuiya, kwenye mafundisho ya kipaimara, hata kwenye misiba: kama karibu kila mtu huku anamwamini Mungu, mbona dhuluma, ushirikina na ugomvi wa mipaka ya mashamba haviishi? Na yule mwenye imani ya kweli anajulikanaje?

Jibu fupi: huonekana pale ambapo kumtegemea Mungu kunamgharimu mtu, hasa pale ambapo mchungaji na wazee wa kanisa hawapo. Jibu refu linaanzia kwenye mvutano wa zamani ambao Walutheri wa kwetu wanaujua vizuri.

Paulo anafundisha katika Warumi 4 kwamba Abrahamu alihesabiwa haki kwa imani, bila matendo. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anasema Abrahamu huyo huyo alihesabiwa haki kwa matendo, na anamalizia kuwa "imani pasipo matendo imekufa". Martin Luther alisumbuliwa sana na jambo hili. Alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, aliuita Waraka wa Yakobo kuwa ni waraka wa majani makavu ukilinganishwa na nyaraka za Paulo. Lakini mwaka huo huo, katika utangulizi wake wa Warumi, Luther aliandika kwamba imani ni kitu hai chenye shughuli nyingi, kisichoweza kukaa bila kutenda mema. Kwa hiyo hata yeye aliyepigania wokovu kwa imani peke yake hakuwahi kukubali imani iliyokaa tu.

Ukiwasoma Paulo na Yakobo polepole utaona kila mmoja anashika sehemu yake ya maisha ya Abrahamu. Paulo anashika Mwanzo 15, pale Abrahamu anapoahidiwa uzao kama nyota, anaamini, na anahesabiwa haki. Yakobo anaunukuu mstari huo huo, kisha anakwenda mbele hadi Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, Abrahamu anapopanda mlimani na Isaka. Mlimani ndipo ile imani ya usiku wa nyota ilipoonekana kuwa ilikuwepo kweli. Katikati ya sura hizo mbili kuna miaka ya kusubiri, kuna Hajiri mjakazi wa Sara, na kuna siku Abrahamu aliyomwambia Abimeleki kuwa Sara ni dada yake. Imani yake ilikuwa na mashimo, lakini iliendelea kutembea.

Yakobo ana mfano mmoja ambao mtu wa Makete au Njombe anauelewa kuliko mtu wa pwani. Anasema mtu akiwa hana nguo wala chakula, nanyi mkamwambia aende kwa amani, "mkaote moto na kushiba", bila kumpa kitu, imefaa nini? Usomewe maneno hayo mwezi wa saba, asubuhi ambayo majani ya viazi yameungua kwa baridi, na nyumba ya pili kuna bibi anayelea wajukuu kwa blanketi moja. Kumwombea bibi yule bila kumpelekea hata kuni linakuwa jambo gumu kulitetea.

Tuje sokoni, maana hapa ndipo ninapoona mambo mengi zaidi. Nyanda za Juu Kusini tunaishi kwa viazi, mahindi, mpunga, ndizi, chai na kahawa, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yetu ya kiroho, tupende tusipende, inapita kwenye mizani. Watu wa Isyonje na wa Njombe wanaijua lumbesa: gunia la viazi linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba kirefu juu na kufumwa kwa kamba, halafu mkulima analipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wameipiga vita miaka mingi. Mnunuzi anajua anachokifanya, dalali anajua, na mkulima anajua pia ila hana pa kwenda na viazi vinaanza kuota. Hao wote watatu wanaweza kukutana ibadani Jumapili. Biblia haikuliacha jambo hili bila neno. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na majirani zetu Waislamu wana sura nzima, ya 83, inayoanza kwa ole kwa wanaopunja vipimo. Nalitaja hilo makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani uaminifu wa vipimo ni habari ya serikali tu na kwamba imani inahusu maombi.

Mfano wa kinyume nao upo. Kuna mama mmoja Mwanjelwa anauza mchele. Kila mtu anajua mchele wa Kyela unanukia na bei yake iko juu, na kila mtu anajua pia kwamba kibao cha "Kyela" huchomekwa kwenye mchele wa popote. Mteja akaja, akachota kiganjani, akanusa, akauliza, "Mama, huu ni wa Kyela?" Naye: "Hapana mwanangu, wa Kyela umeisha juzi. Huu wa Usangu, ila ni mpya." Mteja akashukuru, akaenda kununua meza ya pili, ambako aliambiwa ni wa Kyela. Yule mama akaendelea kupepeta. Sijui usharika wake na sikumuuliza, lakini mtu akiniomba nimwonyeshe imani kwa macho, nitampeleka kwenye ile meza. Alikuwa na watoto wa kulisha kama wale wengine. Alichoamini, bila kukisema, ni kwamba Mungu anaweza kumlisha bila ule uongo.

Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, alifika hapo hapo. Katika Luka 19 hatusomi kwamba aliimba au alinena kwa lugha. Tunasoma hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyenyang'anywa arudishiwe mara nne. Ule uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Rwanda na Uganda kuelekea miaka ya 1930, ukasambaa hadi Tanganyika, ulijulikana kwa jambo hilo hilo. Walokole walikuwa wakirudisha walivyoiba, wakilipa madeni ya zamani na kuungama mbele za waliowakosea. Mengi kuhusu uamsho ule yanaweza kujadiliwa, lakini majirani wasiosali walishangazwa zaidi na mali kurudi mlangoni kuliko na nyimbo.

Eneo la pili ni ugonjwa, na hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu watu wamekufa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kuwa Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa mitatu yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini: Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Maana yake, katika kila usharika wa kwetu wapo watu wanaomeza dawa kila siku. Na wapo wanaoambiwa kwamba ukiwa na imani ya kweli utaziacha. Mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500, na baadhi yao waliporudi waliacha dawa zao. Siku hizi kuna mafuta, kuna maji, kuna vitambaa, na maneno ni yale yale: kama hujapona, imani yako ni ndogo.

Mafundisho hayo hayana msingi. Mfalme Hezekia alipoumwa hadi kukaribia kufa, alilia na kuomba, Mungu akamwahidi miaka 15, na papo hapo nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake (Isaya 38). Maombi, ahadi na dawa vimekaa katika sura moja. Waliotuletea Injili huku walilielewa hilo: ndiyo sababu Wamoraviani wana hospitali Isoko na Mbozi, Walutheri wana Ilembula, na Wakatoliki wana Ikonda kule Makete. Mtu anayemeza ARV zake saa mbili usiku na kumshukuru Mungu kwa siku nyingine haonyeshi upungufu wowote wa imani.

Halafu kuna kupona kusikokuja. Vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo", hawataiabudu sanamu. Maneno hayo machache ndiyo mstari unaotenganisha imani na biashara. Anayefanya biashara na Mungu anatoa sadaka ili apate gari, na gari lisipokuja anahama kanisa. Mwenye imani anaomba kwa nguvu zote, analia ikibidi, na akinyimwa bado anabaki na Mungu. Tumewaona kwenye misiba: baba amezika mtoto Jumanne, na Jumapili yuko kwenye benchi lake, haimbi, ameinamisha kichwa, lakini yupo. Asilazimishwe kutabasamu.

Hofu nayo huyatoa ya moyoni haraka. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mkoa wa Njombe ulitikiswa na mauaji ya watoto wadogo yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na polisi walikamata watu, waganga wakiwemo. Wateja wa waganga wa namna hiyo hawatoki sayari nyingine. Wengi wana majina ya ubatizo. Biashara ikisuasua au mtoto akiugua ghafla, mtu anatafuta wa kumlaumu, na mara nyingi anapatikana ajuza mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Sisemi hofu ni dhambi. Hata mwenye imani anaogopa. Tofauti iko katika anakokimbilia usiku ule, na katika kukataa kumtaja jirani kuwa mchawi hata ukoo mzima ukimsonga.

Nimesema imani huonekana pasipo wasimamizi, na historia yetu wenyewe ina ushahidi. Wamoraviani kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Misheni ya Berlin mwaka huo huo. Miaka 25 baadaye, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yalipoingia kutokea Nyasaland (Malawi ya leo), wamisionari wale wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Wajerumani hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920, na Waskoti wa Misheni ya Livingstonia waliokuja kuangalia kazi walikuwa wachache mno kwa eneo lile. Kama ukristo wa huku ungekuwa wa kumfurahisha Mzungu tu, ungekufa miaka ile ya njaa na upagazi wa vita. Haukufa. Walimu na wazee wa hapa hapa waliendelea kufundisha, kusali na kuzika wafu. Majina ya wengi wao hayako kwenye vitabu, lakini sharika wanazosali watu wa Rungwe leo zilipita mikononi mwao.

Basi, je, mwenye imani ya kweli haanguki? Anaanguka. Petro alimkana Bwana wake mara tatu mbele ya watu waliokuwa wakiota moto uani, tena kwa kuapa. Yuda, aliyemsaliti Yesu, naye alianguka usiku ule ule, na wote wawili walijuta. Kilichowatenganisha ni walikokwenda na majuto yao: Petro alirudi kwa aliyemkosea, Yuda akaenda peke yake. Ndiyo maana Paulo anapowaambia Wakorintho "jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani", anawaelekeza wajipime wao, asiwape kazi ya kuwapima wengine. Katika mfano wa Yesu pia, mwenye shamba aliwakataza watumwa wake kung'oa magugu kabla ya mavuno, maana wangeng'oa na ngano.

Katika sharika zetu kuna utaratibu wa mtu aliyetengwa kurudi kundini, kusimama mbele na kupokelewa tena. Wengi wanauogopa kuliko mahakama. Binti aliyezaa nje ya ndoa anasimama pale huku mwanamume aliyehusika ameketi kwaya ya tatu, na mabenchi ya nyuma yananong'ona. Nadhani siku ile hapimwi binti peke yake. Yeye amekwisha kuamini kiasi cha kusimama. Sasa ni zamu ya mabenchi, na ya yule wa kwaya ya tatu, ambaye bado anaweza kuinuka akasimame naye.