Aygül si Aisha

Watazamaji wengi wa tamthilia za Kituruki wanaamini kwamba kila jina la kike linaloanza na "Ay" limetokana na Aisha. Si kweli, na jina Aygül linastahili kuelezwa vizuri.

Ayşe ndiye Aisha, au Asha wetu wa pwani: ni jina la Kiarabu lenye maana ya uhai, na ile ş husomwa "sh". Aygül ni jina jingine kabisa. Ay ni mwezi. Kama ilivyo kwa Kiswahili, neno hilohilo hutaja mwezi wa angani na mwezi wa kalenda, na limo tayari katika maandishi ya Kituruki cha kale yaliyochongwa kwenye mawe ya Orkhon, nchini Mongolia, ya karne ya 8. Gül ni ua, hasa waridi, nalo lilitoka Kiajemi. Mwezi na ua: Waturuki huandika Aygül, Wakazakhi na Wakirgizi Aigul, Wauzbeki Oygul.

Jina Aysu nalo ni la Kituruki tupu, maana su ni maji. Aynur ndilo lenye Uarabu kidogo, kwa kuwa nur ni nuru ileile tunayoitaja sisi.