Tumbawe likigeuka jeupe, tazama nyama kabla ya kutafuta dawa

Karibu kila wiki naletewa picha ya tumbawe jeupe ndani ya tangi la nyumbani, na chini yake swali lilelile: niweke dawa gani? Nami huanza kwa kuuliza: nyama bado ipo?

Swali hilo huwashangaza wengi, kwa sababu wanauona weupe kama ugonjwa mmoja. Weupe ni dalili, na una asili mbili zisizofanana hata kidogo. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo, polipu, walioketi juu ya kiunzi cha chokaa walichokijenga wenyewe. Ndani ya nyama yao unaishi mwani wa seli moja uitwao zuzanthela, unaowatengenezea chakula kwa mwanga na kuwapa ile rangi ya kahawia. Joto likizidi, taa ikiwa kali mno au maji yakikosa lishe kabisa, mwani huo hutoka. Mnyama bado yu hai, ila nyama yake imebaki bila rangi, na kiunzi kinaonekana kupitia kwake kama ukuta wa chokaa nyuma ya pazia jepesi. Huko ndiko kupauka. Weupe wa pili ni wa nyama iliyobambuka. Hapo unachokiona ni kiunzi chenyewe, kitupu.

Kuzitofautisha hali hizi mbili, zima pampu maji yatulie, chukua lenzi ya kukuzia na umulike tochi kutoka ubavuni. Tumbawe lililopauka lina uso laini wenye ute unaong'aa, na usiku taa zikizimwa utaona minyiri ikichomoza. Lililobambuka lina vishimo vyenye kingo kali, na kati ya rangi na weupe kuna mpaka uliokatika kama kwa kisu, pengine na vipande vya nyama vinavyopeperuka. Baada ya siku chache kiunzi kitupu huota mwani wa kijani. Juu ya nyama hai hauoti.

Tumbawe lililopauka halihitaji dawa yoyote, na hapa ndipo wengi wanaporuka majivu na kukanyaga moto. Kulitumbukiza kwenye iodini ni kumchosha mnyama ambaye tayari ana njaa. Punguza nguvu ya taa kwa theluthi au nusu, hakikisha joto liko kati ya nyuzi 24 na 27, kisha pima naitreti na fosfeti. Ukikuta zote mbili ni sifuri, umeshamjua mkosaji. Maji safi kupita kiasi huwaua matumbawe kwa njaa. Lishe samaki zaidi, lishe matumbawe yenyewe chakula laini usiku, na uyarudishe maji taratibu hadi naitreti ifike miligramu 2 hadi 10 kwa lita, na fosfeti 0.03 hadi 0.1. Rangi inaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi kurudi. Subira hiyo ni ngumu, naijua, lakini nimeona matumbawe meupe kama karatasi yakirudi kuwa na rangi nzito kuliko awali.

Nyama inayobambuka haisubiri. Kwa matumbawe ya matawi kama Acropora, tawi zima linaweza kuvuliwa nyama kati ya asubuhi na jioni. Bakteria wa jamii ya Vibrio na viumbe wa seli moja waitwao siliati hukutwa mara nyingi kwenye mpaka wa jeraha, ingawa kwa kawaida kilichowafungulia mlango ni mshtuko wa maji. Kinachookoa ni koleo la kukatia. Kata ndani ya nyama yenye rangi, sentimita moja au mbili kupita mpaka wa weupe, tumbukiza kipande kwenye iodini kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha kigandishe kwenye kitako kipya, yaani kijiwe cha kukishikia, kwa gundi kali. Ukikata palepale mpakani umekata ndani ya ugonjwa, na kesho utakata tena.

Ukiwa na koleo mkononi, vaa glavu na miwani ya kinga. Matumbawe laini ya jamii ya Palythoa na ndugu zake yanaweza kubeba palitoksini, sumu kali sana inayoudhuru moyo na misuli. Usiyachemshe kamwe, wala usilimwagie maji ya moto jiwe yaliloota juu yake. Watu wamelazwa hospitalini kwa kuvuta mvuke wake, wao na jamaa waliokuwa chumba cha pili.

Ugonjwa ninaouogopa zaidi kwa matumbawe yenye minyiri mirefu, Euphyllia na jamaa zake, ni ute wa kahawia. Mara ya kwanza kukutana nao nilikuwa na koloni, yaani tumbawe moja, ya vichwa saba. Asubuhi kichwa kimoja kilikuwa kimejikunja. Jioni kilikuwa kimefunikwa na ute uliotikisika kwa mkondo wa maji, na nilipolitoa lile tumbawe nje harufu ya uozo ilijaa chumba. Chini ya hadubini, tone moja la ute ule lilikuwa limejaa siliati wakizunguka, na miili yao imejaa vipunje vya kahawia: zuzanthela waliowameza. Kosa langu lilikuwa kuupuliza ule ute ndani ya tangi ili niangalie vizuri. Siku ya pili vichwa viwili jirani vilishaanza kuoza.

Tangu hapo mpangilio wangu ni mmoja. Nazima pampu kwanza. Naufyonza ute kwa sirinji kubwa au mpira mwembamba kabla sijaligusa tumbawe, na maji hayo hayarudi tangini. Kisha natoa koloni, nakata kichwa kinachougua pamoja na sehemu ya shina lake, na vilivyobaki navitumbukiza kwenye iodini kwa maji ya joto lilelile la tangi. Kichwa kilichokwisha kuwa uji hakirudi. Tupa, uokoe sita.

Wapo wanaoniuliza kuhusu antibaiotiki. Huko Florida, ambako ugonjwa wa kupoteza nyama wa matumbawe magumu ulionekana mara ya kwanza mwaka 2014, wazamiaji hupaka mchanganyiko wenye amoksilini pembezoni mwa jeraha, tumbawe moja baada ya jingine. Tazama walivyo waangalifu: wanaipaka mahali pamoja, hawaimwagi. Kuimimina kwenye tangi zima kunaweza kuua bakteria wanaokusafishia maji na kuzalisha wengine sugu. Kama ni lazima, iwe kwenye chombo cha pembeni, kwa ushauri wa daktari wa wanyama. Na maji ya tangi lenye ugonjwa, au tumbawe lenyewe, lisifike baharini kamwe.

Kuhusu kinga, nina maneno machache juu ya maji na mengi juu ya karantini, yaani kukitenga kipande kipya kabla ya kukiingiza tangini. Maji yanataka utulivu kuliko namba nzuri. Chumvi gramu 35 kwa lita, kalisi miligramu 400 hadi 450, ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, kati ya dKH 7 na 9 (dKH ni kipimo chake). Chagua namba na uishikilie. Ualkali ukiruka zaidi ya dKH 1 kwa siku, ncha za Acropora huungua hata kama namba mpya inapendeza kwenye daftari.

Karantini ndiyo inayopuuzwa. Watu hutumbukiza kipande kipya kwenye dawa kwa dakika 10, wanaona wadudu wameanguka, wanakiingiza tangini kwa amani. Dawa huua minyoo bapa wanaokula Acropora na konokono wasio na gamba wanaokula Montipora, jamii nyingine ya matumbawe magumu, lakini mayai yao hayadhuriki. Ya minyoo bapa hutagwa kwenye kiunzi kitupu karibu na shina, mafungu madogo ya rangi ya dhahabu iliyokolea, na huanguliwa baada ya wiki moja na nusu hadi tatu kulingana na joto. Kwa hiyo nang'oa kila kipande kutoka kitako chake cha zamani, nakwangua mayai ninayoyaona, na nakiweka kwenye tangi dogo la pembeni kwa wiki 6. Kila wiki nakitumbukiza upya kwenye dawa na kukipuliza kwa sirinji ndani ya bakuli jeupe.

Mwezi uliopita kulikuwa na kipande cha Acropora kilichopita dawa mara mbili bila kuangusha chochote. Rangi nzuri, minyiri nje mchana. Siku ya 19, mle bakulini, nilikuta minyoo wawili, kila mmoja mdogo kama nukta ya kalamu, karibu uwazi kabisa. Nilikipa dawa, nikakikwangua tena, na hesabu ya wiki 6 nimeianza upya.