Farasi wa Marekani: dhana potofu kuhusu sheria zinazowalinda

Kila tarehe 13 Desemba Wamarekani huadhimisha Siku ya Farasi, na mnyama huyu anastahili kila sifa anayopewa siku hiyo. Hatari ni kwamba wengi huondoka wakiamini kuwa sheria imekwisha kumkinga.

Dhana: Kuchinja farasi ni marufuku Marekani.

Hakuna marufuku ya kudumu ya nchi nzima. Machinjio matatu ya mwisho, mawili Texas na moja Illinois, yalifungwa mwaka 2007 kwa nguvu ya sheria za majimbo hayo. Kinachozuia mengine yasifunguliwe ni kifungu cha bajeti: Bunge huinyima Wizara ya Kilimo fedha za kukagua nyama ya farasi, na nyama isiyokaguliwa haiuziki. Kifungu hicho hudumu kwa kupitishwa upya. Mwaka 2011 kiliachwa, kikarudishwa 2014.

Wakati huohuo farasi walio hai hupakiwa kwenye malori kwenda kuchinjwa Mexico na Canada. Kanuni zinaruhusu wakae safarini hadi saa 28 bila chakula, maji wala mapumziko. Hapa ndipo ukatili ulipo. Farasi mzima hunywa takriban lita 25 hadi 45 kwa siku. Tumbo lake hutoa asidi muda wote, awe anakula au hali, kwa hiyo njaa humletea vidonda vya tumbo. Akikosa maji, majani aliyokula hukauka na kuziba utumbo, naye hawezi kutapika. Ndiyo sababu kufunga machinjio pekee hakutoshi. Sheria inayohitajika ni ile itakayokataza pia kuwavusha mpaka kwenda kuchinjwa.

Dhana: Mateso ya farasi wa maonyesho yaliisha mwaka 1970.

Baadhi ya wanaofunza farasi wa Tennessee Walking, aina inayosifika kwa mwendo wake maonyeshoni, humpaka mafuta ya haradali au mafuta ya taa juu kidogo ya kwato za mbele, humfunga nailoni ili yapenye kwenye ngozi, kisha humvisha minyororo inayogonga kidonda. Farasi hunyanyua miguu juu kwa maumivu, na watazamaji hupiga makofi. Sheria ya 1970 inakataza kumwonyesha, kumuuza au kumpeleka maonyeshoni farasi aliyeumizwa hivyo. Kumuumiza kwenyewe, kukifanyika zizini, haikukutaja kuwa kosa. Mkaguzi hubonyeza sehemu hiyo kwa kidole gumba, na farasi akivuta mguu kila anapobonyezwa palepale, ana kidonda. Lakini wengine hufunzwa kwa kipigo wasitikisike wakikaguliwa, kwa hiyo makovu na ngozi iliyokunjamana lazima vitazamwe pia.

Dhana: Farasi mwitu wote wanalindwa.

Sheria ya kuwalinda, ya 15 Desemba 1971, tunda la miaka mingi ya kazi ya Velma Johnston, mtetezi wa farasi mwitu wa Nevada, inahusu ardhi iliyo chini ya idara mbili tu za serikali: ile ya ardhi ya umma na ile ya misitu. Walio kwenye hifadhi za taifa au ardhi za makabila ya asili wako nje yake. Nayo inaruhusu “waliozidi” waondolewe. Ipo njia ya upole zaidi ya kupunguza uzazi, chanjo ya PZP inayorushwa kwa mshale, yenye dozi mbili za mwanzo na kisha moja kila mwaka. Wanaosema haifanyi kazi mara nyingi wanaangalia kundi ambalo dozi za mwaka zilirukwa.

Dhana: Farasi akikonda, ni uzee tu.

Mara nyingi ni meno mabovu, minyoo au njaa. Kipimo cha unene wa farasi kinachokubalika hata mahakamani ni cha Henneke cha mwaka 1983, chenye alama 1 hadi 9, ambapo 5 ni hali ya wastani. Gusa shingo, kigongo, nyuma ya bega, mbavu, kiuno na shina la mkia. Usiridhike kwa macho, kwani manyoya ya majira ya baridi huficha mbavu zilizojitokeza. Unapotoa taarifa ya mnyama aliyetelekezwa, andika alama hiyo, tarehe, kama kuna maji, na urefu wa kwato, ambazo hupaswa kukatwa kila wiki 6 hadi 8.