Maamuzi yaliyogatuliwa: dhana potofu kuhusu utafiti wake wa baada ya uzamivu, na ukweli wenyewe

Vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani hutangaza nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu katika hisabati ya uboreshaji, yaani ya kutafuta jibu bora kati ya yote yanayowezekana, na katika ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutokana na data, na matangazo mengi siku hizi hutaja maamuzi yaliyogatuliwa, yaani hali ambayo watoa maamuzi wengi, kila mmoja akiwa na sehemu tu ya taarifa, wanatakiwa kufikia matokeo yanayowafaa wote kwa pamoja. Wahitimu wetu wa hisabati na uhandisi wanaosoma matangazo hayo mara nyingi huifikiria kazi hiyo kuwa kitu tofauti kabisa na ilivyo.

Dhana iliyo nyepesi kuiondoa ni kwamba mtafiti wa baada ya uzamivu ni mwanafunzi anayetafuta shahada nyingine. Hakuna shahada inayofuata. Hii ni ajira ya mkataba wa muda mfupi, yenye mshahara, ambayo mtu huipata baada ya kumaliza uzamivu. Ufadhili wa Umoja wa Ulaya wenye jina la Marie Skłodowska-Curie, kwa mfano, huwapokea waombaji wa uraia wowote, na ule wa kufanyia kazi barani Ulaya huwa wa miezi 12 hadi 24.

Dhana iliyoenea zaidi, na inayopotosha zaidi, ni kwamba kugatua maamuzi maana yake ni kuigawa hesabu kubwa kwa kompyuta nyingi ili imalizike haraka. Jambo hilo lipo na lina wataalamu wake, lakini swali la msingi hapa ni nani anajua nini, na nani ana mamlaka juu ya nini. Tuangalie umeme wa kanda yetu. Muungano wa umeme wa Afrika Mashariki, EAPP (Eastern Africa Power Pool), wenye makao makuu Addis Ababa, ulianzishwa mwaka 2005 ili nchi wanachama ziweze kuuziana umeme. Ethiopia imeunganishwa na Kenya kwa laini ya mkondo mnyoofu ya kilovolti 500, kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, iliyojengwa iweze kubeba hadi megawati 2,000; Kenya nayo imeunganishwa na Tanzania kwa laini ya mkondo geu ya kilovolti 400. Hata tukipata kompyuta moja inayoweza kupanga uzalishaji wa nchi zote hizo kwa sekunde chache, tatizo halitakuwa limekwisha, kwa sababu hakuna shirika la umeme litakalomkabidhi jirani anayemuuzia gharama za kila mtambo wake, hali ya mabwawa yake na udhaifu wa laini zake za ndani.

Njia ambayo wanahisabati wameifanyia kazi kwa muda mrefu ni kila upande kubaki na siri zake na kupeleka kwa mwenzake mambo mawili tu: kiasi cha umeme unaopendekeza kipite mpakani na bei inayoambatana nacho. Kila upande hufanya hesabu zake upya, hutuma mapendekezo mapya, na mzunguko huo hurudiwa hadi pande zote zikubaliane. Wazo la kuratibu kwa bei limo tayari katika mbinu ya George Dantzig na Philip Wolfe ya mwaka 1960, ambamo kituo hutangaza bei na vitengo hujibu kwa mipango yao. Mbinu inayotumiwa sana leo, ijulikanayo kwa kifupi cha Kiingereza kama ADMM, ambamo pande hupokezana kufanya hesabu kisha bei hurekebishwa, ilitokana na kazi zilizofanyika katikati ya miaka ya 1970, ikasahaulika kiasi, kisha ikapata umaarufu mkubwa baada ya Stephen Boyd na wenzake kuichambua upya mwaka 2011.

Hapo ndipo huzuka dhana nyingine, kwamba mbinu ikishakuwa na jina basi hufika kwenye jibu bora popote itumikapo. Uthibitisho wa ADMM unahusu pande mbili na matatizo yenye umbo la bakuli, ambamo ukiteremka kutoka upande wowote utafika chini palepale. Imeshathibitishwa kwamba ukiipanua moja kwa moja hadi pande tatu inaweza kwenda mrama hata katika matatizo ya umbo hilo, na milinganyo halisi ya umeme wa mkondo geu haina umbo hilo kabisa. Sehemu kubwa ya kazi ya mtafiti wa baada ya uzamivu iko hapa: kueleza kwa uthibitisho ni chini ya masharti gani mazungumzo hayo ya pande nyingi yatatulia, yatachukua mizunguko mingapi, na itakuwaje ujumbe mmoja ukichelewa.

Wapo pia wanaoamini kwamba kila mmoja akijichagulia lililo bora kwake, jumla itakuwa bora. Mwaka 1968 Mjerumani Dietrich Braess alionyesha kwamba kuongeza barabara mpya kunaweza kurefusha safari ya kila dereva. Gridi, yaani mitandao ya laini za umeme, zina tabia inayofanana na hiyo: kwa kuwa mkondo geu hugawanyika kwa kanuni za Kirchhoff, ambazo ni sheria za fizikia, na si kwa matakwa ya mikataba, laini mpya inaweza kuzidisha mzigo kwenye laini dhaifu na kupunguza umeme unaoweza kusafirishwa. Mwaka huohuo wa 1968 Hans Witsenhausen alichapisha mfano wa watoa maamuzi wawili tu, ambamo wa pili hakioni sawasawa kile alichokiacha wa kwanza. Unafanana na zoezi la darasani, lakini kanuni iliyo bora kabisa kwa mfano huo haijapatikana hadi leo. Kwa maoni yangu, mfano huo unatosha kumwonyesha yeyote kwamba ugumu wa fani hii hautokani na ukubwa wa data.

Kuhusu akili mnemba, husemwa kwamba ujifunzaji wa mashine umeifanya hisabati hii kuwa ya kizamani. Kuifunza mashine kwenyewe ni tatizo la uboreshaji: mtelemko wa gradienti, yaani kushuka hatua kwa hatua kuelekea thamani ndogo zaidi, ulielezwa na mwanahisabati Cauchy mwaka 1847, na msingi wa kuutumia penye makosa ya nasibu ulitolewa na Robbins na Monro mwaka 1951. Katika gridi, mtandao wa neva, aina ya modeli inayofunzwa kwa data, unaweza kukisia jibu la kuanzia ili mizunguko ipungue, lakini peke yake hautoi hakikisho kwamba hakuna laini itakayozidiwa. Hakikisho hilo hutolewa na hesabu inayofuata.

Suala la faragha linahitaji uangalifu zaidi. Watu huridhika wakisikia kwamba data haitoki kwa mwenyewe, kama ilivyo katika ujifunzaji wa shirikisho ambao watafiti wa Google waliutangaza mwaka 2016, ambamo simu hutuma marekebisho ya modeli badala ya maandishi ya mtumiaji. Mwaka 2019 Zhu, Liu na Han walionyesha kwamba picha na maneno yaliyotumika kufunza vinaweza kuundwa upya kutokana na gradienti zilizotumwa, yaani marekebisho ya aina hiyohiyo. Vivyo hivyo, bei zinazopelekwa mpakani kwa mizunguko mingi zinaweza kufichua gharama zilizokusudiwa kufichwa. Kinga yenye uthibitisho ni kuchanganya kelele iliyopimwa, yaani makosa ya nasibu ya makusudi, ndani ya ujumbe, kwa kanuni ambayo Cynthia Dwork na wenzake waliiweka mwaka 2006, na kelele hiyo hupunguza usahihi wa jibu. Kiasi gani cha usahihi kitolewe ili kupata kiasi gani cha siri ni swali ambalo bado linafanyiwa utafiti.

Dhana ya mwisho huwakatisha tamaa watu wasiostahili kukata tamaa: kwamba bila kompyuta kubwa za mamilioni ya dola huwezi hata kuanza. Majaribio mengi yanayochapishwa hutumia gridi za mfano zinazopatikana bure, ikiwamo ile ya chama cha wahandisi cha IEEE yenye vituo 118, pamoja na programu huria za hesabu za gridi kama MATPOWER, na yote hayo hukimbia kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida. Mwombaji anahitaji zaidi aljebra mstari, nadharia ya uwezekano na uchanganuzi wa kihisabati, pamoja na makala moja au mbili zenye uthibitisho alioufanya mwenyewe.