Servi-Car kuukuu si lazima iwe na kutu

Wiki hii nimeletewa tena modeli ndogo ya plastiki ya pikipiki ya Servi-Car iliyozamishwa kwenye kutu ya rangi. Viungo vimekaa sawasawa, injini imefungwa kwa uangalifu, halafu mwenyewe akaipaka kahawia kuanzia mpini hadi sanduku la nyuma. Nilipouliza kwa nini, nikapewa jibu ninalopewa na karibu kila mwanafunzi: "Mwalimu, si ni ya zamani?"

Ya zamani, ndiyo. Lakini umeiunda ikiwa kazini, hukuiunda ikiwa jalalani. Harley-Davidson walitengeneza pikipiki hii ya magurudumu matatu kuanzia 1932 hadi 1973, na mwanzoni iliwalenga wenye gereji na vituo vya mafuta huko Marekani. Fundi aliiendesha hadi kwa mteja, akaifunga kwa chuma cha kuvutia nyuma ya gari la mteja, kisha akalipeleka gari gereji huku pikipiki ikiburutwa. Fundi mmoja alitosha. Sasa niambie, ni mwenye kituo gani angekubali chombo chenye jina lake ubavuni kikaegeshwe mlangoni kwa mteja kikiwa kimeoza?

Kutu nayo huchagua mahali: hushika chuma kilichokwanguka rangi, hasa maji yanapotuama. Sanduku la Servi-Car za kuanzia 1967 ni la faibaglasi, na faibaglasi haipati kutu hata ikiachwa mvuani miaka kumi. Kasha la chini la injini ni la aluminiamu, ambayo ikichakaa hufifia na kuwa ya kijivu chenye weupe. Nikiona kahawia hapo najua mpakaji hakutazama picha hata moja kabla ya kushika brashi.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawataki kuipiga. Katika skeli ya 1/25, doa la milimita 1 ni milimita 25 kwenye pikipiki yenyewe. Madoa ishirini ya namna hiyo kwenye kifuniko cha sanduku, na umeunda pikipiki iliyopigwa nyundo.

Mimi huanza na mikono na miguu ya fundi. Anashika wapi, anakanyaga wapi, nini kinasuguana na nini? Ncha ya chuma cha kuvutia, ukingo wa kifuniko kinachofunguliwa kutwa nzima kutoa spana, mahali pa kuwekea miguu: hapo rangi iishe. Chovya kipande cha sponji kwenye rangi, kikamulie kwenye karatasi hadi kibaki karibu kikavu, kisha gusa kingo tu. Kuzunguka injini weka weusi wa mafuta na vumbi, kidogo. Tairi ziwe za kijivu kilichokolea, maana nyeusi tupu huzifanya zionekane za kuchezea. Kisha weka brashi chini, na ukishawishika kuongeza, subiri kesho.

Wengine husema skeli za 1/24 na 1/25 ni kitu kimoja. Gari la mita 4 ni milimita 160 kwa 1/25 na karibu 167 kwa 1/24. Pipa la mafuta au boksi la spana la skeli ile nyingine halitakusaliti, ila ukiweka magari mawili ya aina moja, moja la kila skeli, ubavu kwa ubavu, jicho litagundua.

Kuhusu gundi, nyingi haishiki zaidi. Gundi ya plastiki huyeyusha nyuso mbili zikaungana, kwa hiyo ikizidi inakula modeli yenyewe. Gundi ya papo hapo nayo usiisogeze karibu na kioo cha taa: mvuke wake huacha ukungu mweupe. Hapo tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Na stika za maji, zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, hazina ubovu mnaozisingizia. Mnazibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa inanaswa chini yake, jina la kituo linazungukwa na utando wa fedha. Pulizia vanishi inayong'aa kwanza, bandika, acha ikauke kabisa, ndipo uifunike kwa vanishi isiyong'aa.