Nyumbu Wakihama Serengeti, Simba Hula Nini?

Je, wajua kwamba simba wengi wa Serengeti hawawafuati nyumbu wanapohama? Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka mwaka mzima wakifuata mvua na majani mabichi, na simba hubaki palepale.

Sababu ni ardhi. Kundi la simba ni majike wa ukoo mmoja, mama, dada na mashangazi, wenye eneo lao lenye maji, korongo la kuvizia na miamba ya kufichia watoto. Wakilihama, majirani wataliingia. Tena watoto wadogo hawawezi mwendo wa mbali. Wanaofuata misafara ni wale wasio na makazi, hasa madume vijana.

Basi mlo hubadilika. Kati ya Januari na Machi nyumbu huwa kusini, upande wa Ndutu, na huzaa ndama kwa maelfu katika wiki chache. Simba wa huko hushiba. Kiangazi kikikausha nyanda, nyumbu wote wameondoka, na simba yuleyule anamgeukia ngiri. Jike huchimba shimo la ngiri kwa makucha, wakati mwingine kwa muda mrefu mno, na akimtoa, nyama yenyewe haitoshi kundi zima. Wakubwa hula kwanza. Watoto wengi wa simba hufa njaa miezi hiyo, na kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika habari za mnyama huyu tunayemwita mfalme. Huku kaskazini, kwenye Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba mambo ni kinyume: nyumbu wamefika, na kiangazi ndicho msimu wa shibe.

Mahali nako huamua. Manyara, simba hutegemea sana nyati, windo linaloweza kumuua mwindaji kwa pembe. Savuti, Botswana, makundi makubwa ya simba yamewahi kuwinda tembo wadogo usiku, mwishoni mwa kiangazi, tembo wanaposongamana kwenye maji. Pwani ya jangwa la Namib, simba hula hata sili na ndege wa majini.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi uko kusini mwa Tanzania, Rufiji na Lindi. Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walieleza kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, Machi hadi Mei. Kwa nini wakati huo? Sehemu hizo wanyama wa kuwindwa wamebaki wachache, ila nguruwe pori ni wengi, na mazao yakikomaa nguruwe huingia mashambani usiku. Simba huwafuata nguruwe. Na mkulima naye yuko hukohuko, amelala kwenye dungu au kibanda cha nyasi akilinda mpunga wake dhidi ya nguruwe walewale. Simba aliyekuja kwa ajili ya nguruwe anamkuta mtu. Ndiyo maana watafiti hao walisema kwamba kuwapunguza nguruwe pori mashambani kungeokoa maisha ya watu, na ya simba pia, kwa kuwa simba akishaua mtu, wanakijiji humsaka.