Kucha hazipumui jamani

Kila nikikaa saluni hapa Kibuye lazima mtu aseme eti toa rangi wiki mbili kucha zipumue. Zipumue na nini? Hiyo kucha unayoiona ni keratini (protini ngumu) iliyokufa, oksijeni na chakula vinaletwa na damu huko chini kwenye mzizi, rangi haizuii kitu. Kinachozikausha mara nyingi ni maji, unaosha vyombo, unafua, unaparua samaki, zinalowa zinakauka zinalowa tena mpaka zinaanza kubanduka kama karatasi, halafu unakuja kuzimalizia na asetoni, ile dawa ya kutoa rangi. Na nyinyi mnaobandua rangi ya jeli na meno mkiwa kwa matatu (najua, nilikuwa hivyo), mnang'oa na tabaka la kucha yenyewe alafu lawama inaendea rangi. Mapumziko yanasaidia tu juu umeachana na asetoni na kukwaruzwa. Vaa glavu ukiosha, paka mafuta ya mgando usiku mpaka kwa ngozi ya pembeni. Na uwe mpole, kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hivyo iliyoharibika itakaa kama miezi 6 ndio iishe yote.